Kokugonza Alibakiza Hatua Moja

Wanaosimulia habari za mizimu hupenda kuanza na usiku wa manane. Mimi siwezi, maana yangu yalinipata saa tano asubuhi, mchana kweupe, ingawa weupe wenyewe ulikuwa wa ukungu. Ndiyo sababu wengi hawaniamini. Mke wangu, niliyeishi naye miaka zaidi ya arobaini, anasema nilikuwa na njaa tu. Ni kweli nilikuwa na njaa. Lakini tangu lini njaa ikampa mtu kahawa ya kutafuna, ladha yake ikakaa mdomoni hadi jioni? Nisikilize kwanza, kisha uamue mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa, mkoa wetu ukiitwa bado Ziwa Magharibi. Nilikuwa kijana wa Nyanga, hapo nje kidogo ya mji wa Bukoba. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na sikuchaguliwa kuendelea. Unamjua kijana wa namna hiyo? Kiingereza anacho, jembe halitaki, na baba yake ameanza kumtazama kwa jicho la pembeni kila chakula kinapopakuliwa. Basi nikiwa katika hali hiyo akaja mjini mama mmoja wa Kizungu, mtaalamu wa viumbe vidogo, akatafuta mtu wa kumsaidia. Watu walimwita Bibi Daktari, na kwa ajili ya jina hilo wakawa wanampelekea watoto wenye kikohozi, naye akawa anawapa peremende na kuwarudisha kwa mama zao. Hakuja kutafuta ugonjwa. Alikuja kutafuta ute.

Ndiyo, ute. Umewahi kuona gogo lililooza wakati wa masika, juu yake kumetandaa kitu cha njano kama uji uliomwagika? Wengi wetu hutema mate tukapita. Bibi Daktari alipiga magoti matopeni akakitazama kwa lenzi. Akaniambia kile si uyoga, si mmea, wala si mnyama, lakini kinaishi, kinakula, na kinatembea. Kinatembea polepole mno, upana wa ukucha kwa saa, na kinapopita huacha nyuma yake njia iliyokauka. Kikiishiwa chakula hujikusanya, kikageuka vijipira au vijiti vidogo vilivyojaa vumbi, na vumbi hilo ndilo mbegu yake. Nilidhani ananitania.

Alinifundisha kuvitambua, na sijafundishwa kitu kwa uangalifu ule tena. Kwanza unatazama rangi. Kisha unaangalia kama vijipira vimekaa juu ya gogo au vimesimama kwenye vijiti. Halafu unapuliza kidogo uone vumbi lake ni la kahawia, la njano au jeusi. Mwisho unadondosha tone la ndimu, maana vingine vina chokaa, na hivyo hutoa povu. Ukishamaliza unakata kipande cha gogo pamoja na chenyewe, unakigandisha kwa gundi ndani ya kiberiti kitupu, unaandika siku, mahali na aina ya mti. Yeye aliviita kwa Kilatini. Mimi nilivipa majina yangu: Manyoya, Shanga, Uji wa Mgonjwa. Alicheka sana kwa hilo la mwisho.

Aliniahidi jambo moja. Nikimletea ute ambao haumo katika kitabu chake, ataniandikia barua, nami nitapelekwa kusoma ng'ambo. Kitabu kile nilikisoma mpaka nikakijua ukurasa kwa ukurasa, na tangu siku ile nikawa naota magogo.

Masika yalipokolea alinituma Muleba peke yangu, nikiwa na mfuko wa viberiti vitupu, lenzi, kisu na chupa ya maji ya ndimu. Nilifikia katika kijiji kipya kilichopangwa kando ya barabara, nyumba zimesimama kwenye mstari kama madawati. Watu wake walikuwa wamehamishwa kutoka vibanja vyao vya zamani, yale mashamba ya migomba na mibuni yenye nyumba katikati, ng'ambo ya mto na ya rweya, ile nchi tupu ya majani inayotenganisha vijiji vyetu. Balozi wa nyumba kumi akanipeleka kulala kwa mjane mmoja aliyeishi peke yake, Ma Paskazia. Mama yule alitazama viberiti vyangu vikiwa vimepangwa sakafuni, akaniuliza, "Mwana wange, umesoma mpaka darasa gani hata ukafundishwa kuokota uchafu?"

"Kidato cha nne, Ma."

"Ungeendelea mbele ungeokota nini?"

Nilimpenda papo hapo. Usiku alinipikia ndizi na maharage, akanisimulia kibanja chake alichokiacha huko juu, mibuni aliyoipanda kwa mkono wake, na namna ambavyo hapa barabarani hata migomba ilikuwa haimjui. Hakuniambia zaidi ya hayo, wala mimi sikuuliza. Mgeni hafukui.

Siku ya pili, nyuma ya ghala la kijiji, karibu na pale walipoanza kuzika watu wao, niliona kisiki chenye njia kavu ya ute. Ilikuwa ya rangi ya zambarau, kama ganda la ua la mgomba. Nikapekua kichwani kitabu chote cha Bibi Daktari. Zambarau ya namna ile haikuwamo. Nikashika kisu, kisha nikakirudisha mfukoni, kwa sababu ute wenyewe ulikuwa umeshaondoka na kuacha alama tu. Ulikuwa umekwenda wapi?

Nikaanza kufuata. Alama ilishuka kisiki, ikapotea kwenye majani, nikaikuta tena kwenye gogo la mbele. Kutoka hapo ikaenda kwenye nguzo ya uzio, kisha kwenye ubao wa daraja jipya la mto. Ilivuka daraja, niamini, kwa ukingo wa ubao wa kushoto, kama mtu anayeogopa maji. Ng'ambo ya pili nikaikuta kwenye matawi yaliyoanguka katika rweya, tawi moja hapa, jingine hatua hamsini mbele, na kila mara mstari ulikuwa ule ule, haukwenda kulia wala kushoto. Nilivyozidi kwenda ndivyo alama zilivyozidi kuwa mbichi. Nilijua kabisa kwamba ute hauendi safari ya namna ile. Bibi Daktari alinieleza kwamba hupapasa, hurudi, hujigawa. Huu ulikuwa unajua unakokwenda. Nikalala kwa Ma Paskazia usiku ule bila kumwambia kitu, na asubuhi nikarudi nilipoachia.

Ukungu ulikuwa umepanda kutoka ziwani ukafunika kilima chote. Nilitembea ndani yake kwa muda ambao siwezi kuupima. Sauti za ndege zilikoma, nikawa nasikia matone tu yakidondoka kutoka jani moja hadi jingine, na sikuwa na hofu yoyote. Nilikuwa na ile hali ya mtu anayeamka taratibu na hataki kufungua macho. Halafu nikajikuta katikati ya migomba, ndani ya kibanja. Mbele yangu palikuwa na nyumba ya msonge, ua umefagiwa na kutandikwa majani mabichi. Nilishangaa kidogo, maana niliambiwa vibanja vya upande ule vimebaki bila watu.

Mzee mmoja alikuwa ameketi juu ya mtumbwi wa kukamulia ndizi za pombe, ameupindua kifudifudi. Alivaa kanzu iliyofifia na koti, na alikuwa na kovu kwenye taya. Umande ulikuwa umetua mabegani mwake, na aliposogea kunipa nafasi haukudondoka. Nililiona hilo. Nililiona na nikalipita, kama unavyopita jambo ndotoni.

Nikamwamkia kwa Kihaya, nikimwita tata, yaani baba, akaitikia, akauliza mimi ni wa kwa nani. Nilipomtajia ukoo wetu alitikisa kichwa kuonyesha kwamba anautambua. "Kaa," akasema. "Mgeni haulizwi mengi kabla ya kahawa."

Sasa, wewe usiye wa huku huenda hujui. Kwetu mgeni hupewa kahawa ya kutafuna, iliyochemshwa na kukaushwa pamoja na ganda lake. Kuikataa ni matusi. Mzee hakunipa kiganja kizima kama ilivyo kawaida. Alitoa tunda moja tu, akalipasua, akatia punje moja mdomoni mwake, na ya pili akaniwekea kwenye kidole changu kilichokuwa kimechanwa na mwiba njiani, kikivuja damu kidogo. Nikaitafuna. Wazee wa zamani walikuwa wakifungana undugu hivyo hivyo, punje mbili za tunda moja na tone la damu. Mtu uliyekula naye hivyo, mwanawe ni mwanao. Nilikuwa nimesikia habari hizo tangu utotoni kwetu Nyanga, lakini kijana wa kidato cha nne huyaita hayo mambo ya kale. Nilitafuna kwa sababu ya njaa.

Tukakaa. Akaniuliza ninatafuta nini, nikamweleza habari za ute, na hakucheka. Alinyoosha kidole kwenye kisiki kilichokuwa na ute wa njano. "Yule ni baba yangu mdogo. Hajapata kuwa na haraka. Hata alipokuwa hai tulikuwa tukila bila yeye." Akanionyesha vijipira viwili vyekundu kwenye shina la mgomba lililooza. "Wale ni mapacha wa dada yangu. Hawaachani."

"Unawatambuaje, tata?"

"Wewe unawatambuaje?"

"Kwa rangi, na kijiti, na vumbi, na tone la ndimu."

Alifikiri. "Mimi kwa mwendo," akasema.

Nilidhani ni mzee aliyegoma kuhama, upweke ukamchanganya akili. Nilimwonea huruma na nilikuwa naburudika. Ndipo nikauona. Kwenye gogo lililolala mbele ya miguu yetu ulikuwapo ute wa zambarau, mbichi, hai, ukubwa wa kiganja cha mtoto, unang'aa bila jua. Mbele yake, kando ya nyumba, palikuwa na kaburi lililozungushiwa mawe.

"Na huyu?" nikauliza kwa tamaa.

"Huyu ni Kokugonza, binti yangu." Alilitaja jina hilo taratibu sana. "Walimlaza kule barabarani. Siwalaumu, mto ulikuwa umechukua daraja. Yuko njiani tangu masika ya mwaka juzi." Akanyoosha mguu wake, kisigino kikagusa gogo na kidole gumba kikakaribia jiwe la kaburi. "Amebakiza hatua moja. Kesho saa kama hii atakuwa ameingia. Wewe una macho ya kuona vitu vidogo. Kaa nami tumpokee."

"Nitakaa, tata," nikasema.

Akafurahi. Akainuka akaingia ndani, ati awashe moto, nyumba isiwe ya baridi mwanawe akifika.

Naomba uniamini hapa kuliko kwingine kokote, maana sijisifii. Nilitoa lenzi nikaukagua. Nikajaribu ndimu pembeni kidogo, haukutoa povu. Nikapitia kurasa zote kichwani mara ya pili. Haukuwamo. Sikuona binti ya mtu pale. Niliona meli, niliona chuo chenye ngazi ndefu, niliona baba yangu akiwatangazia majirani. Nikachukua kisu nikakata gogo, na kisu kilipoingia ule ute ulijikunyata. Nikautia katika kiberiti, kiberiti nikakitia mfukoni. Haikuchukua muda hata wa kusali Salamu Maria moja.

Mzee alikuwa amesimama mlangoni, kijinga cha moto mkononi, hakina moshi. Alitazama kidonda cheupe kwenye gogo.

"Umemweka wapi?"

Mkono wangu ulikuwa juu ya mfuko, na nadhani hilo lilikuwa jibu. Ningetaka anikaripie, au anilaani, maana laana ina dawa zake. Hakufanya hivyo. Alisema, kwa upole kabisa, "Basi mbebe taratibu. Haogopi giza, ila hapendi kuwa peke yake." Kisha akaketi tena juu ya mtumbwi wake, uso akauelekeza barabarani.

Niliondoka kwa mwendo wa kawaida, na nilipofika kwenye migomba ya mwisho nikaanza kukimbia. Katika rweya ukungu ulikuwa umeinuka. Nikageuka. Nyumba ilikuwa imeporomoka upande mmoja, paa limeota majani, na ua niliokalia sasa hivi ulikuwa na magugu ya kufika kiunoni. Hapakuwa na mtu. Mdomoni nilikuwa bado nina kahawa.

Ma Paskazia alinusa harufu nilipoingia. "Nani amekupa kahawa?" Nikamweleza: mzee, kovu, mtumbwi, ute wa zambarau, hatua moja. Nilimweleza yote isipokuwa kisu. Akaketi chini, mgongo ukutani. Alisema mzee yule ni mumewe, aliyezikwa kibanjani mwaka mmoja kabla ya kuhamishwa. Kokugonza alikuwa mtoto wao wa pekee. Homa ilimchukua hapa kijijini, mto ukiwa umefurika. Walimlinda siku mbili maji yapungue wamrudishe kwao, maji hayakupungua, wakamzika nyuma ya ghala. "Mtu wetu hazikwi kando ya njia kama mpita njia," akasema. "Tangu siku hiyo mimi silali. Najilaza na kuinuka nikijiuliza yuko na nani." Akaniuliza tena, "Umesema amebakiza kiasi gani?"

"Hatua moja, Ma."

"Na mwenyewe amesema kesho?"

"Amesema kesho."

Akajifunika uso kwa kanga, akalia, na katikati ya kilio akacheka. Alinishika goti akanishukuru, mimi, kwa kumletea habari ile. Mkono wangu ulikuwa mfukoni juu ya kiberiti. Ningeweza kukitoa. Ningeweza kurudi mbio kilimani, bado ilikuwa mchana. Kesho yake, saa tano, aliponitazama na kuniuliza kwa macho, nilisema, "Atakuwa ameshafika, Ma."

Niliporudi mjini, Bibi Daktari alikaa kwenye darubini yake siku nzima, kisha akanishika mikono yote miwili. Haukuwamo katika kitabu chake wala katika kitabu kingine chochote. Barua ikaandikwa, nikaenda, nikasoma, nikarudi mwalimu. Nimewafundisha watoto wengi, wengine sasa ni madaktari na mainjinia. Ma Paskazia alifariki nikiwa bado ng'ambo. Majirani zake waliniambia kwamba miaka yake ya mwisho alilala vizuri sana.

Nikiwa huko ng'ambo nilikwenda mara moja kwenye ghala wanakohifadhi vitu vya namna ile. Wakanivutia droo. Kiberiti changu kilikuwamo, na ndani yake ute umekauka, umekuwa vumbi la zambarau. Kwenye kibandiko palikuwa na jina la Kilatini, na nyuma yake jina langu, limetiwa mkia wa Kilatini, ndivyo wanavyomheshimu aliyegundua. Kokugonza anaitwa kwa jina langu. Niliomba nirudi nacho nyumbani. Walisema kipo kimoja tu duniani, hakiwezi kutoka. Nimeandika barua miaka yote, na hujibu kwa adabu. Sijathubutu kuwaandikia sababu yenyewe, maana unadhani ningeiandikaje?

Tangu masika ya kwanza baada ya kurudi, mzee huja hapa Nyanga. Huja asubuhi ya ukungu, akaketi kwenye ngazi ya mlango wangu, umande mabegani. Hana kisasi. Huniuliza neno moja tu, "Bado?" Nami humjibu, "Bado, tata." Hutikisa kichwa, akaondoka. Mke wangu huchungulia dirishani akaniona nazungumza na ukungu, akarudi jikoni akinisikitikia.

Nakuonya basi, hasa wewe kijana uliyesoma. Siku utakapokuta kitu kinatambaa juu ya gogo kuelekea nyumba ya watu, hata nyumba iliyoanguka, kitazame ukitaka, kichore ukitaka, lakini kisu kiache mfukoni. Usiseme ni mambo ya kale. Na ukiombwa ukae kidogo usubiri pamoja na mtu, kaa. Mimi sasa ni mzee, wanangu wameshachagua mahali pangu hapa kibanjani, karibu na mlango, na watanibeba mpaka hapo wote wakiwapo. Nitafika nyumbani kabla ya Kokugonza. Baba yake nitamkuta huko akingoja, na sijui nitamwambia nini.